Farasi Aliyependa Vigelegele

Enzi zetu sisi watoto wa mtaa wa Kuze, hapa Mombasa, harusi ulikuwa unaisikia kabla hujaiona. Utasikia mchi watwanga bizari, utasikia masufuria makubwa yaburutwa uani, halafu mwanamke mmoja atapiga kigelegele kimoja tu, kile cha kujaribu koo, na sisi tushaacha michezo yetu ya kibe na nage, tushafika mlangoni kuuliza ni nani anayeoa. Siku hizi harusi inakuja kwa simu. Simu yalia, watazama, kadi hiyo, ina maua yanayotikisika yenyewe. Nami huyatazama, nasema mashaallah, halafu yanipotea sijui yameingia wapi.

Mie kusoma sikusoma sana. Chuo cha Kurani nilihitimu, lakini shule niliacha darasa la pili, na kalamu hainikai mkononi. Haya anayaandika mjukuu wangu Rukia, mie namimina tu. Nimemwambia asinirekebishe.

Basi juzi wajukuu walinichukua Nyali kupunga upepo. Pale pwani kuna vijana wana farasi, wampandisha mtu, wampeleka hadi kule, wamrudisha. Imran, kaka yake Rukia, mtu mzima huyo, ana ndevu zake, akamwendea farasi kwa nyuma. Kwa nyuma, wallahi, na malapa miguuni, simu kaiinua juu apige picha. Nikamwita kwa sauti ambayo sikujua kama bado ninayo.

"Imran, rudi. Mwendee begani, tena umsemeshe."

Akacheka. "Bibi, wewe farasi umemjulia wapi?"

Loo. Huyu mtoto nimemlea, nimemlisha, hajui kwamba farasi mie nilimjua tangu sijajua kujisuka nywele.

Baba yangu alikuwa saisi. Wenzangu wa rika langu mwalijua neno hilo, lakini watoto wa leo ukiwaambia saisi wanakutazama tu. Saisi ni mtu wa kutunza farasi: kumlisha, kumwosha, kumfunza, kumwongoza. Kazi ile baba aliipokea kwa ami yake, na aliifanya kwa Bwana Kanji, Mhindi aliyekuwa na duka la vitambaa. Nyuma ya ghala yake palikuwa na ua wenye ukuta wa mawe, banda la makuti, na mkunazi mmoja uliotupa kunazi chungu. Ndani ya banda lile alikaa farasi jike, mweupe pe. Bwana Kanji alimwita jina la kwao. Sisi watoto tulimwita Kashata, kwa vile alivyokuwa mweupe kama kashata ya nazi, na mwisho hata mwenyewe Bwana Kanji akamwita hivyo hivyo.

Ukinifunga macho leo ukanipitisha penye farasi, nitajua. Ile harufu ya jasho lake na majani makavu, na mafuta ya nazi aliyokuwa baba akimpaka kwato zisipasuke. Alfajiri, baba akitoka msikitini, alikwenda moja kwa moja bandani, nami nyuma yake na kikombe changu cha chai ya maziwa, mkate wa mofa kwapani. Akimsugua Kashata kwa kumbi la nazi, kuanzia shingoni kuja nyuma, vumbi likitoka kama unga. Kisha akimwinua mguu mmoja mmoja, na chuma alichokipinda mwenyewe akitoa vijiwe kwatoni. Alikuwa akisema, "Farasi ni miguu minne. Ukimharibia mmoja, huna farasi."

Mara moja kwa juma tulikata mji pamoja hadi Liwatoni, maji yakipwa, tukamwingiza baharini hadi magotini apoe miguu. Wavuvi walituzoea. Walikuwa wakimtania baba, ati samaki wake huyo mkubwa atamuuza kwa vipande au mzima.

Sasa kazi ya Kashata ilikuwa nini? Harusi. Kwao Bwana Kanji, bwana harusi haendi kumchukua mke kwa miguu. Hupanda farasi mweupe, kilemba kichwani, maua yamening'inia hadi usoni, mbele ngoma na tarumbeta, na kando watu warusha fataki. Na bwana harusi mwenyewe masikini mara nyingi hajapanda hata punda. Kwa hiyo usalama wote umo mikononi mwa saisi na moyoni mwa farasi.

Mwaka ule nilikuwa kama wa miaka kumi. Kwenye harusi moja fataki ikalipuka karibu na miguu ya Kashata, akaruka kando. Bwana harusi hakuanguka, lakini kilemba kilianguka, kikakanyagwa, na kwao kilemba kukanyagwa si jambo la kucheka. Siku ya pili Bwana Kanji akaja uani, kasimama mbali, mikono nyuma. Hakugomba. Alikuwa mtu mpole, na mtu mpole akisema jambo ndiyo limekwisha.

"Saisi, mpwa wangu anaoa mwezi ujao. Kashata akifanya tena vile, namuuza bara, na hapa nitaweka motokaa."

Baba akasema, "Inshallah hatafanya." Mie nilikuwa juu ya ukuta, nimesikia yote. Siku ile sikula chakula cha mchana. Mama akadhani nina homa, akanipaka mafuta ya mkarafuu, nikanuka kama duka la dawa hadi usiku.

Basi baba akaanza kumfunza upya. Na namna alivyomfunza ndiyo nataka mniangalie hapo, kwa maana watu wengi hudhani mnyama afunzwa kwa fimbo. Baba fimbo hakuwa nayo. Alituita watoto wa mtaa, kila mmoja na sufuria ya kwao na mwiko. Siku ya kwanza akatuweka nje kabisa ya ua, pembeni mwa njia, akatuambia tugonge polepole, na wakati huo huo Kashata awekewe pumba zake kwenye karai. Akiinua kichwa, tunyamaze. Akirudi kula, tugonge. Siku ya pili hatua tatu karibu. Siku ya tatu hatua tatu tena. "Hofu yake muitoe kidogo kidogo kama mwiba," alisema baba. "Mkiivuta kwa nguvu itakatikia ndani."

Mama zetu walikasirika, sufuria zote zilibonyea. Mpaka leo ninayo moja, chini yake kama uso wa mtu aliyepigwa ngumi. Lakini baada ya wiki mbili tuligonga tukiwa pale pale bandani, Kashata akala pumba zake, sikio moja tu likizunguka. Baba akaleta tarumbeta ya kuazima. Akaleta fataki, moja, mbali, kisha karibu. Kashata akala.

Na mie hapo ndipo nilipokosa.

Baba alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeivunja: farasi hapewi kitu kwa mkono. Chakula kiwe karaini. "Akizoea mkono, ataacha kusikiliza hatamu." Lakini mie na shoga yangu Mwanakheri tulikaa tukafikiri. Ngoma kafunzwa, tarumbeta kafunzwa, fataki kafunzwa. Na vigelegele je? Maana kwa akili zetu, harusi bila vigelegele haikuwa harusi. Hatukujua kwamba kwa Wahindi wale vigelegele havipo. Tukasema, baba kasahau, masikini, tumsaidie. Basi kila alasiri baba akienda kuswali, sisi twaingia uani, Mwanakheri apiga kigelegele, nami nampa Kashata tende, hapa kwenye kiganja. Ile midomo yake laini ikiokota tende, kama mtu akubusu mkononi. Tende nilizifunga kwenye pembe ya leso niliyokuwa nikijitanda.

Hakuwahi hata kushtuka. Tukaona sisi ni mafundi.

Siku ya harusi ikafika. Alasiri, jua limelegea. Kashata kapambwa, paji la uso lina shada jekundu, tandiko la mahameli. Nami nikafuata kando ya msafara na leso yangu na tende tatu pembeni. Mpwa wa Bwana Kanji alipandishwa, kijana mwembamba, miwani usoni. Baba kashika hatamu. Ngoma ikapigwa. Kashata akatembea. Tarumbeta, akatembea. Fataki ikalipuka, sikio moja likazunguka. Nilimwona Bwana Kanji akitabasamu, nikasema moyoni, Kashata haendi bara.

Tukafika kwenye njia ya Kuze. Pale kwenye baraza moja mama zetu walikuwa wamekaa, kiasi cha kumi na tano, wametoka nje kutazama msafara ukipita. Mbele yao Bi Zuhura, mwanamke mnene, mkarimu, mwenye koo linalosikika ng'ambo ya Likoni. Akamwona bwana harusi alivyopendeza. Na mwanamke wa Kuze akimwona bwana harusi, hata awe wa dini gani, atafanya nini? Wakapiga vigelegele, kumi na tano kwa pamoja.

Kashata akasimama. Akageuka. Baba akavuta hatamu, Kashata akamvuta baba. Akaenda moja kwa moja barazani, akaingiza pua ndani ya buibui la Bi Zuhura, akitafuta tende.

Nanyi mwajua wanawake wakishtuka. Wengine wakakimbilia ndani, wengine wakakimbilia nyuma ya farasi, na nyuma ya farasi ndipo mahali pabaya kabisa duniani pa kukimbilia. Bwana harusi kakumbatia shingo, na mie nikaona tandiko lateleza, polepole, laja upande, naye aja nalo. Miwani ilishaanguka.

Sikufikiri. Maneno yote ya baba yalinijia mwilini, si kichwani. Usikimbie. Usipige kelele. Mwendee begani, umsemeshe ajue ni wewe. Nikatembea, nikapita mbele ya watu wazima wote, nikamwambia Bi Zuhura, ambaye kwa umri alikuwa sawa na bibi yangu, "Bi Zuhura, tulia hapo hapo, usijitikise." Nikawaambia walioko nyuma watoke kando taratibu. Nikafungua pembe ya leso. Kashata akanusa, akatoa pua buibuini, akaja kiganjani. Tende moja. Baba akapata nafasi ya kumwegemeza kijana kwa bega lake, akalirudisha tandiko katikati, akakaza mkanda.

Halafu Bi Zuhura, masikini, alipoona hajafa, kwa furaha yake akapiga kigelegele kingine.

Kashata akanyanyua kichwa tena. Nikampa ya pili. Baba akanitazama. Macho yale. Akasema kwa sauti ya chini, "Tangulia. Tembea polepole. Usigeuke nyuma." Nami nikatangulia, na leso yangu mkononi, Kashata nyuma yangu. Tende ilibaki moja na njia ilikuwa ndefu. Bi Zuhura akatambua, mwanamke yule hakuwa mjinga, akatuma ndani, ikaja sahani nzima ya tende, akaja mwenyewe akitembea kando yangu ameishika. Na kila baraza tuliyopita wanawake wakapiga vigelegele, na kila kigelegele, tende. Ikawa harusi ya Wahindi imeongozwa na mtoto wa saisi na Bi Zuhura na sahani.

Mlangoni kwa bibi harusi, Bwana Kanji akamuuliza baba, huyo mtoto na hizo tende ni mambo gani.

Baba akasema, "Ni mambo ya Kuze, Bwana."

Na mama yake Bwana Kanji, mkongwe wa kutembea na mkongojo, akasema hajaona harusi iliyokwenda kwa utulivu vile, na kwamba tangu leo kila harusi ya nyumba yao itanguliwe na mtoto na tende, ni baraka. Basi. Bwana Kanji hakusema tena neno la bara.

Watu wakanisifu. Bi Zuhura alinipa kaimati hadi tumbo likauma. Lakini sifa isiyo yako, wenzangu, ni kama kiatu cha kuazima, waweza kutembea nacho lakini kila hatua yakukumbusha. Jua likizama nikaenda bandani. Baba alikuwa akimtoa Kashata vumbi kwa lile kumbi la nazi. Nikasimama mlangoni, nikamwambia yote. Vigelegele, tende, kiganja, kila alasiri akiwa msikitini. Nikasema, "Ni mimi niliyemharibu."

Baba aliendelea kusugua. Alimaliza upande mmoja, akazunguka, akaanza wa pili, nami nasubiri nimeshika leso. Mwisho akasema:

"Tandiko leo uliona liliteleza?"

"Niliona, baba."

"Farasi akifungwa mkanda hujaza pumzi tumboni. Wakaza, wamtembeza hatua ishirini, atoa pumzi, ndipo wakaza tena. Leo niliharakishwa. Sikukaza mara ya pili." Akanipa lile kumbi. "Wewe una kosa lako, mama, nami nina langu. Lako limempeleka kijana yule hadi barazani, langu lingemvunja shingo. Shika upande ule."

Aliniita mama, kama baba zetu walivyokuwa wakiwaita binti zao wakilegeza moyo. Nikasugua. Machozi yalitoka, lakini vumbi lilikuwa jingi, hakuna aliyejua.

Nilidhani yamekwisha pale. Hayakwisha. Siku ya pili baba akasema, wenye harusi wamefurahi, vyema, lakini njiani sasa wapita motokaa, na Kashata leo amfuata mtoto na tende, kesho atamfuata mtu yeyote mwenye kigelegele. "Umemfunza kuomba. Sasa utamfunza kungoja." Ikatuchukua mimi na Mwanakheri mwezi mzima na zaidi. Kigelegele, na Kashata asimame wima. Akigeuka, hapati. Akisimama, nahesabu hadi kumi, baba asema "haya," ndipo tende iwekwe karaini. Hapo ndipo nilipojua kwamba kufunza jambo ni rahisi, kulifunzua ndiyo kazi. Nimelea watoto sita, na sijaona neno la kweli kuliko hilo.

Kashata alipokuwa anaweza kusimama kwa vigelegele vya Bi Zuhura mwenyewe, aliyeitwa makusudi uani kuja kumjaribu, baba akaninyanyua akanikalisha juu ya Kashata. Mara yangu ya kwanza. Kwanza alinifunga viatu, viatu vya kufunika mguu, alivyoviazima kwa mtoto wa jirani. Akanionyesha kutia ncha ya mguu tu kwenye chuma cha kukanyagia cha tandiko, nisiutumbukize wote, nikianguka nisiburutwe. "Visigino chini, macho mbele. Na hatamu usiivute kama kamba ya kisima, yule ana mdomo kama wewe." Alikaza mkanda. Tukatembea hatua ishirini. Akakaza tena, akinitazama, nami nikamtazama.

Kutoka juu pale niliona ndani ya nyua zote za Kuze. Niliona nguo za watu kwenye kamba, kuku wa Bi Zuhura, mama yangu akichagua mchele kwenye ungo, akainua macho akaniona, ungo ukamponyoka. Mchele wote chini. Alimsema baba hadi Isha.

Kashata alikaa na sisi hadi uzeeni. Mie niliolewa, yeye bado yumo bandani, meno yameisha, baba akimsagia chakula. Siku aliyokufa, baba alikaa chini ya mkunazi kutwa nzima, na wale wavuvi wa Liwatoni waliokuwa wakimtania walikuja kumpa pole kama aliyefiwa na mtu. Motokaa zikaja na maua yao. Bwana Kanji na nyumba yake wakahamia mbali. Penye ua ule sasa pana maduka ya simu, na mkunazi sijui aliyeukata.

Sisemi ya leo ni mabaya. Wajukuu zangu wana mambo ambayo sisi hatukuota, na Imran akiumwa kidole ajua hospitali ya kwenda. Lakini wao kila kitu wakiona kizuri hukimbilia kukipiga picha kabla hawajakisalimu. Hata farasi. Sisi tulifunzwa kumsalimu kwanza, kusimama aone mikono yetu, kungoja yeye akubali. Nadhani tulisalimiana hivyo hivyo na watu.

Basi siku ile Nyali, Imran akatii. Alikwenda kuvaa viatu vyake garini, akamwendea farasi begani, akamsemesha, ingawa alimsemesha kama anayesalimia afisa. Nikamwambia yule kijana mwenye farasi akaze mkanda, amtembeze, akaze tena. Alinitazama, kisha akafanya, na mkanda ukaingia matundu mawili. Akasema, "Shikamoo, bibi," ambayo mwanzo hakuisema.

Imran akaenda akarudi, mzima. Na farasi aliposimama mbele yangu, mweupe, si mweupe sana, sijui nini kilinishika. Nikapiga kigelegele. Kidogo tu, cha kujaribu koo. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye pembe ya leso, maana tangu siku ile ya Bi Zuhura mie siendi harusi wala matembezi bila tende pembeni, watoto wangu hudhani ni ya sukari kushuka.

Nikangoja. Nikahesabu hadi kumi.

Yule farasi alitazama bahari. Hakujua kigelegele ni nini. Hakuna aliyemfunza.

Basi tende nikaila mwenyewe.